Pambano Lililokatika

Nilizipiga pasi zile sare mbili kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa kazini nina wasichana wa kunipigia. Mimi ni msimamizi wa dobi katika hoteli moja pale Nakasero, Kampala, na kama kuna kitu ninachojivunia bila kuona haya ni kitambaa cheupe. Shuka ikipita mikononi mwangu, huwezi kujua kama kuna mtu aliwahi kuilalia. Basi siku moja kabla ya mtihani wa mikanda nilitia wanga kidogo kwenye kola, nikanyoosha sare ya karate ya binti yangu na yangu, nikazitundika kwenye mlango wa sebule, moja ndefu na nyembamba, nyingine fupi na pana. Binti yangu aliporudi kutoka shule akazitazama, akacheka.

"Mama, hizi sare zimenyooka kukushinda," akasema.

Siku hizo alikuwa bado ananitania.

Tuliingia karate kupitia woga wangu. Sisi ni Wakenya, na tulikuwa tumehamia Namuwongo, upande wa juu wa reli. Mume wangu huendesha malori ya mizigo ya Juba, na nyumbani huonekana kama mgeni wa Krismasi. Mtoto alikuwa bado shule ya msingi na alikuwa akirudi nyumbani peke yake. Nikasikia kuna mwanajeshi mstaafu anayefundisha karate katika ukumbi wa shule moja karibu na kwetu. Nikampeleka mtoto, mimi nikakaa kwenye benchi la nje na mkoba wangu mapajani, nikimchunga kupitia dirishani. Mwalimu ni Mwacholi mrefu mwenye Kiswahili cha kambini. Alinivumilia kwa muda, kisha siku moja akatoka nje akasimama mbele yangu.

"Mama, wewe nalinda hii benchi? Hii benchi hakuna mutu naiba. Vua kiatu, ingia."

Niliingia kwa sababu ya haya tu, kwa kuwa wazazi wengine walikuwa wanatazama. Sikutoka tena.

Ukumbi ule una sheria moja ambayo kila anayeingia huambiwa mlangoni. "Kiatu na cheo, yote nabaki nje." Ukishavua viatu, ndani hakuna mama, hakuna afande, hakuna mchungaji. Mtu huitwa kwa rangi ya mkanda wake. Mwenzangu wa mazoezi ni dada mmoja askari polisi kutoka upande wa Arua, ambaye huko barabarani watu humpigia saluti, lakini ndani ya ukumbi aliitwa Kijani kama mimi. Tukawa Kijani Mrefu na Kijani Mfupi. Binti yangu, ambaye alikuwa amenitangulia, alikuwa Bluu. Mimi mwenyewe aliniita Kijani, na mara ya kwanza aliponiamuru, "Kijani, inua mikono!" nilicheka mpaka mwalimu akanipa adhabu ya kuruka kichura.

Nataka nieleze kwa nini jambo hili lilikuwa kubwa kwangu. Binti wa miaka kumi na sita na mamake hawana mengi ya kuambizana. Narudi nyumbani nikinuka sabuni, miguu imevimba, yeye yuko kwenye simu. Nauliza shule ilikuwaje, anasema sawa. Nauliza amekula, anasema ndiyo. Lakini katikati ya jikoni na chumba cha kulala tuna korido, na katika korido ile tulifanya mazoezi karibu kila jioni, tumevaa soksi, tukisukumana na kucheka. Mimi nina kasoro ambayo haijawahi kunitoka: mkono wangu wa kushoto hushuka. Nikianza kuchoka, au nikianza kujiona hodari, unashuka wenyewe na shavu linabaki wazi. Hapo ndipo mguu wake ungekuja kwa juu na vidole vyake vya soksi vingenigusa shavuni, pa.

"Mama, naye umelala!" angesema, kwa lile "naye" la Kiganda la kushangaa.

Na baada ya kunipiga ndipo angeanza kuongea. Sijui kunipiga kulimfungua nini. Tungekaa sakafuni, migongo ukutani, na angeniambia mambo ambayo nisingeyapata kwa kumuuliza: kuhusu mwalimu wa hesabu anayemwigiza anavyoongea Kiganda na kumcheka, kuhusu rafiki aliyemgeuka, na jinsi anavyomkasirikia baba yake halafu akimwona mlangoni hasira yote inayeyuka. Nami nilikuwa nasikiliza nikijishika shavu. Nisingeibadilisha korido ile na nyumba ya ghorofa kule Kololo kwa matajiri.

Mtihani ulipokaribia, yeye alikuwa anatafuta mkanda wa kahawia. Katika ukumbi wetu, mwenye mkanda wa kahawia ndiye huruhusiwa kuwafundisha watoto wadogo Jumamosi asubuhi, na alilitamani hilo kuliko kitu chochote. Alinifanyia mazoezi mimi, akijifanya mimi ni mtoto wa chekechea: "Kale, mguu wa kushoto mbele. Huo ni wa kulia, bambi." Kale ni haya basi, na bambi ni maskini wee, kwa Kiganda. Mimi nilikuwa natafuta mkanda wa bluu. Sitasema uongo, niliutaka sana. Mwanamke wa umri wangu hapati nafasi nyingi za kupanda ngazi yoyote.

Ujinga wangu ulianzia hapo. Nina dada zangu Wakenya tunaosali nao pamoja, wake wa wafanyabiashara na wafanyakazi wa maofisini, na kwa miaka walikuwa wamenicheka. Mmoja aliniambia karate ina mapepo ya Kijapani. Mwingine aliuliza kama nafanya mazoezi ya kumpiga bwanangu atakaporudi kutoka Juba. Nikasema ngoja, nitawaonyesha. Nikawaalika wote. Siku ya mtihani walikuja na vitenge vyao na mafuta mazuri, wakakaa kwenye mabenchi kando ya ukuta wakinong'ona kama watu waliokuja harusini, na mmoja wao alikuwa tayari ameinua simu ili kurekodi.

Asubuhi ile ile Kijani Mrefu alipiga simu. Alikuwa ameitwa kazini ghafla, asingeweza kuja. Tukabaki idadi isiyogawanyika kwa mbili, na mimi nikabaki bila mtu wa kupigana naye. Mwalimu alitutazama tuliokuwa tumepanga mstari, akatafuna mdomo kidogo.

"Kijani na Bluu," akasema.

Sikuogopa. Nilifurahi, kwa kweli. Nilifikiri, nani ananijua kuliko huyu? Na dada zangu wataona mama na mtoto pamoja.

Kwa asiyejua, mapambano ya mtihani si ya kushinda. Wawili mnasimama katikati, mnainamiana, mwalimu anasema "Hajime," yaani anza, na mnapigana mpaka aseme "Yame," yaani simama. Pigo liguse, lisiumize. Mtahini anatazama macho yako, ulinzi wako, na zaidi ya yote hasira yako. Mtu akipigwa vizuri anatakiwa kurudi mahali pake, ainue mikono, aendelee. Ni hilo tu. Nimelisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Tulianza vizuri. Niliingia chini ya mkono wake nikamgusa ubavuni, na dada zangu wakapiga vigelegele. "Mwonyeshe, mama!" mmoja akaita. Nikamgusa tena, tumboni, na vigelegele vikaongezeka. Jamani, sifa ni tamu. Nilijiona mkubwa kama mlango. Nikaanza kutembea ulingoni kama mtu anayekagua mashuka, kifua mbele, na bila shaka mkono wangu wa kushoto ukashuka.

Mguu ukaja. Niliusikia shavuni, pa, pale pale pa kila siku.

Watu walicheka. Si kicheko kibaya, ni kile cha mtu anayeona jambo limefanyika kwa ustadi. Lakini kutoka kwenye mabenchi nilisikia sauti ya nyumbani, Kiswahili cha kwetu kabisa: "Woi! Si huyo mtoto amempiga mamake teke ya uso?" Na nyingine ikajibu, "Laana hiyo. Wangu ajaribu, atajua mimi ni nani." Kisha wakacheka wote, wamefunika midomo kwa leso.

Teke lile nilikuwa nimelipata koridoni mara zisizo na hesabu na nikalicheka. Koridoni hakuna mashahidi. Pale ukumbini nilihisi joto likipanda kutoka kifuani mpaka kwenye masikio, na ninachokumbuka baada ya hapo ni mkono wangu ukiwa umeshafika. Glovu zetu ni zile fupi zisizofunika kiganja. Kiganja kilikuwa wazi na nilimpiga nacho usoni kwa nguvu zangu zote. Halikuwa pigo la karate. Lilikuwa kofi la jikoni, la mama aliyemkuta mtoto amemwaga maziwa.

"Unanipiga mimi?" nilipiga kelele. "Mimi mamako?"

Kisha mmoja wa dada zangu akasema, kwa sauti ya kuridhika, "Haya, adabu irudi." Naona aibu kwa hilo kofi, lakini nadhani naona aibu zaidi kwamba kwa nukta moja maneno yale yalinifariji.

Binti yangu alitoa kinga ya meno. Mdomo ulikuwa umepasuka kidogo kwa ndani, tone la damu likaangukia ukosi wa ile sare niliyoitia wanga. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikosea wapi. Halafu akashusha mikono na akapiga magoti mbele yangu, magoti yote mawili, vile wasichana wa Buganda wanavyofundishwa kuwasalimu wakubwa. Nyumbani kwangu sijawahi kudai magoti. Sisi kwetu hatupigi magoti kwa watu.

"Nisamehe, mama," akasema.

Alisema mama. Ndani ya ukumbi.

"Yame," mwalimu akasema, polepole, ingawa hapakuwa na pambano la kusimamisha. Akamwendea binti yangu akamshika kiwiko. "Bluu, simama. Hapa ndani hakuna mama." Kisha akanigeukia. Hakupandisha sauti, na ningefurahi kama angeipandisha. "Kijani, toka nje. Vaa kiatu."

Niliketi kwenye lile benchi langu la zamani, nimevaa viatu vya mtaani chini ya sare nyeupe. Dada zangu walitoka mmoja mmoja, wakanipigapiga begani, wakasema nisijali, watoto wa siku hizi ndivyo walivyo. Nikaitikia. Kupitia dirishani nilimwona binti yangu akipewa mtu mwingine wa kupigana naye, kijana mwenye mkanda wa kahawia, mzito. Alipigana naye mpaka mwisho na shavu lake jekundu, na akapita. Mwalimu mwenyewe alimfunga mkanda. Kisha akaja mpaka benchini.

"Yeye amepita," akaniambia. "Wewe bado. Hapa kwetu, vita yenye nakatika, namaliziwa na watu wale wale wawili. Mutihani yenye inakuja, wewe na yeye tena."

Nilisema asante, afande. Nje, angalau, nilikuwa na ruhusa ya kumwita hivyo.

Video ilifika kwenye simu yangu Jumatatu nikiwa kazini, kwenye kundi letu la maombi, na vikatuni vya kucheka machozi. Nilijifungia kwenye stoo ya taulo nikaitazama. Nilifikiri nitaona teke kubwa, kitu cha kunitetea kidogo. Nikaona mguu wa mwanangu ukipanda kwa kasi, na ukiwa hatua ya mwisho kabla ya shavu langu ukapunguzwa, kabisa, mpaka ukanigusa kwa upande laini wa unyayo. Alikuwa amenihurumia hata pale. Halafu nikaona mkono wangu, na mkono wangu haukupunguzwa na kitu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: mimi nilikuwa nimemgusa mara mbili nikashangiliwa, yeye mara moja nikamvunja mdomo.

Sasa kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha. Sijui nani alitunga sheria hiyo, lakini mama yangu aliifuata na mama yake pia. Mzazi akikosa, anapika chapati. Nilipika chapati jioni ile, za kukunja, za mafuta mengi, na nikaondoa lile doa kwenye sare yake. Damu haitiwi maji ya moto, wasichana wangu wapya hukosea hapo kila mara. Inaloanishwa kwa maji baridi na chumvi, inasuguliwa kwa kidole, taratibu. Likatoka lote. Ningempa mteja wa hoteli sare ile akaivaa. Nikaiweka kitandani kwake ikiwa imekunjwa.

"Asante, mama," akasema. "Chapati zimekuwa tamu."

Hivyo ndivyo alivyoanza kuongea nami. Asante, mama. Ndiyo, mama. Pole na kazi, mama. Akinikuta nimebeba mfuko anaupokea. Akinipa maji analeta kwa mikono miwili. Jirani yetu Mganda akanisifu, akasema, "Naye nnyabo, omwana wako ana mpisa," yaani bibi, mtoto wako ana adabu, na mimi nikasema ndiyo, tunamshukuru Mungu. Heshima ambayo dada zangu wangeitafuta kwa fimbo ilikuwa imejaa nyumbani kwangu, na mimi nilikuwa natembea ndani yake kama mgeni asiyejua akae wapi.

Korido ilibaki ya kupitia tu. Nilimwomba tufanye mazoezi. "Niko na kazi ya shule, mama." Jioni nyingine nikamwomba tena. "Leo nimechoka kidogo, mama. Tutafanya." Sikuthubutu kumlazimisha, maana kumlazimisha kungekuwa nini kama si kofi jingine? Jumamosi nilikuwa nafika ukumbini mapema makusudi, nikaketi benchini, nikamsikiliza akiwafundisha watoto. "Huo ni wa kulia, bambi!" Watoto walikuwa wanamrukia na kumpiga mapajani na yeye anaanguka kwa maigizo, anapiga kelele kwamba wamemuua. Kicheko chake nilikijua. Nilikuwa nakisikia kupitia ukuta.

Mtihani wa pili ulikuja. Safari hii sikumwalika mtu. Kijani Mrefu alikuwepo, ameshapata bluu yake asubuhi hiyo hiyo kwenye pambano la kwanza, ameketi na mikono kifuani. Mwalimu hakunitania. Aliita tu, "Kijani na Kahawia," na tukatoka katikati.

Nilikuwa nimeomba usiku wa jana yake. Sikuomba kupita. Niliomba anipige. Nilitaka anipige mbele ya ukumbi wote, shavu lile lile, ili nirudi mahali pangu niinue mikono niendelee, na yeye anione nikiendelea. Nilidhani likishafanyika hilo tutaketi tena sakafuni.

"Hajime."

Alipigana vizuri mno. Kila ngumi yangu aliipokea akaiweka pembeni, kwa upole, kama mtu anayepanga vyombo vya wageni. Nilipoingia alirudi nyuma. Nilipochoka alingoja. Alinigusa mikononi, begani, mahali ambapo hata mtoto mchanga hawezi kuumia, ili mwalimu aone kwamba kuna kinachofanyika. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananichunga, vile mimi nilivyokuwa namchunga kupitia dirishani akiwa mdogo.

Basi nikashusha mkono wa kushoto. Safari hii niliushusha kwa makusudi, nikauacha ukining'inia, shavu langu lote wazi kama mlango wa kanisa. Aliuona. Najua aliuona kwa sababu goti lake liliinuka, lenyewe, kwa mazoea, na nyonga ikaanza kugeuka. Nikangoja. Nilikuwa karibu kutabasamu. Kisha goti likashuka, mguu ukarudi chini, na akanigusa bega kwa ncha za vidole.

"Yame," mwalimu akasema.

Alinitazama, kisha akamtazama binti yangu, na nadhani alielewa kila kitu, lakini kanuni zake ni za mtahiniwa na mtahiniwa nilikuwa mimi. "Kijani, leo umetulia," akasema. "Hasira hakuna. Mukanda ni yako."

Nilipewa mkanda kwa kutokasirika siku ambayo hakuna aliyenikasirisha. Katika ukumbi wetu, ukishapita, yule uliyepigana naye ndiye hukufunga mkanda mpya, isipokuwa akiwa ametolewa nje kama mimi mara ile. Binti yangu alifungua ule wa kijani, akaukunja, akanizungushia wa bluu, akausawazisha ncha kwa ncha na kuukaza. Alifunga fundo zuri, la kufundishia watoto. Vidole vyake vilikuwa karibu na tumbo langu na nikasikia harufu ya nywele zake, na nilitaka kusema kitu, lakini watu walikuwa wanapiga makofi.

"Hongera, mama," akasema, akainama.

Bombani, tulipokuwa tunanawa miguu, Kijani Mrefu wa zamani alinipa mkono. Yeye si mtu wa kuzungusha maneno. "Hongera, dada," akasema. "Lakini ile ya leo haikuwa kupigana. Ulikuwa nasukuma ukuta."

"Najua," nikasema.

"Basi kama unajua," akasema, akafunga bomba.

Tulirudi kwa miguu, mimi na binti yangu, tukivuka reli pale wanapouza ndizi za kuchoma. Alikuwa amebeba mfuko wangu. Nilijua nikifika nyumbani nitaanza kukanda unga, nitapika chapati, tutakula, na mambo yatakuwa hivi hivi mpaka atakapoolewa. Nikasimama katikati ya njia. Bodaboda ikatupigia honi, nikasogea kando ya kibanda cha mwenye kuuza makaa, nikasimama tena.

"Lile kofi," nikasema. "Nilikukosea. Hukufanya kosa lolote. Nilikuwa naona aibu mbele ya wale wanawake nikakulipisha wewe. Nisamehe."

Nilikuwa nimejifunza maneno hayo kwa muda mrefu, kwenye stoo ya taulo, na yalitoka yote. Nilifikiri atalia, au atanikasirikia, na hasira yake ningeipokea kwa mikono miwili. Alinitazama kwa huruma ya kweli, na akahamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine.

"Si kitu, mama," akasema. "Wewe ni mzazi wangu. Mzazi ana haki."

Alikuwa anamaanisha. Hakuwa ananiumiza makusudi, hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Alikuwa amepokea somo nililompa na alikuwa amelishika vizuri, kwa sababu ni mtoto anayeshika masomo. Nilitaka kumwambia kwamba hapana, sina haki, hakuna mzazi mwenye haki hiyo. Nilimwambia pia, pale pale, kwa sauti iliyomfanya mwenye makaa anyanyue kichwa. Akasema, "Sawa, mama." Tukaendelea kutembea.

Jioni hiyo sikupika chapati. Nilisonga ugali tu, tukala na mukene, vile vidagaa vya ziwani, na alipotaka kuinuka kuosha vyombo nikamtangulia koridoni. Nikavua kandambili, nikabaki na soksi. Nikasimama vile anavyonifundisha, mguu wa kushoto mbele, mikono juu, na yeye akatokea mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi.

"Njoo," nikasema. "Nipige."

Akaziweka sahani chini, ukutani, akaja mpaka karibu yangu. Alisimama pale pa mtu anayejiandaa kupiga teke, umbali ule ule hasa, nami nikatumaini. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshashuka. Safari hii wala sikukusudia. Aliutazama. Akanyoosha mkono wake, akaushika wangu kwa vidole viwili, akaunyanyua taratibu mpaka ngumi ikafika kwenye shavu langu.

"Huu umeshuka, mama," akasema. "Uushike hapo."

Akaokota sahani akarudi jikoni. Nilibaki nimesimama koridoni, nimelinda shavu vizuri kabisa, nikisikia maji yakifunguliwa.